Jembe Lililorudi Kutoka Buffalo

Balagizi alipogonga mlango, Nzigire alikuwa na unga mikononi, ikambidi afungue kitasa kwa kiwiko. Tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kumpokea mtu aliyekondeshwa na huzuni. Badala yake alimwona mwanamume aliyenyoa vizuri, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mifuko miwili mkononi na tabasamu lililomfanya asahau alichotaka kusema.

"Mwamikazi," Balagizi akasema, akainamisha kichwa kama kawaida yake. "Nimefika."

"Karibu. Barabara ilikuwa namna gani?"

"Barabara iliniachia tu. Toka Columbus mpaka hapa masaa matatu na nusu, hata polisi moja sikuona. Nazani walijua nakuja kwako."

Nzigire akacheka, na moyo ukamwenda mbio kama wa msichana wa miaka kumi na sita, ingawa alikuwa na thelathini na mbili na Jumamosi ile alikuwa amevaa aproni yenye doa la mafuta.

Mjini Louisville hapakuwa na Mkongo aliyemwita Nzigire kwa jina tupu. Walimwita Mwamikazi, nusu utani na nusu heshima, kwa kuwa baba yake alikuwa mwami, yaani chifu, wa vilima vitatu kule Bushi, mashariki mwa Kongo. Ukimtazama usingedhani. Siku tano za juma aliosha na kulisha wazee katika nyumba moja ya kulea wazee, na siku ya sita aliendesha gari lake bovu kwenda South End kubeba magodoro ya watu waliofika juzi kutoka kambi za wakimbizi. Koti lake la kwanza la baridi alilivua mgongoni akamvika msichana wa watu. Na mama yake Balagizi alifia hospitalini kichwa chake kikiwa mapajani mwa Nzigire, mwanawe akiwa kazini upande wa pili wa mji na simu yake imefungiwa kabatini. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Ikumbuke, msomaji wangu, maana baada ya dakika chache utamkasirikia.

Miaka minne alikuwa akimpenda Balagizi, kimya kimya. Kimya, kwa sababu baba yake Balagizi alikuwa mchunga ng'ombe wa baba yake Nzigire, na kwao mtoto wa mchunga ng'ombe hufundishwa tangu hajaota meno kwamba binti wa mwami hatazamwi machoni. Balagizi alivuka bahari na adabu hiyo. Akimsalimia Nzigire, aliangalia viatu. Sasa mtu utampendaje ambaye uso wake hujawahi kuuona vizuri? Shangazi Bulonza, aliyemlea Nzigire, alikuwa ameshaunusa upendo huo mapema na kuupiga marufuku jikoni kwake. "Mutoto ya mwenye alikuwa anachunga ngombe zetu?" alisema. "Siku nitaonana na baba yako kule juu, unataka nimwambie nini?"

Kisha Julai ile, mwaka 2015, Balagizi alipiga simu kutoka Columbus, alikokuwa amehamia kwa ajili ya kazi ya ghala. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Amempenda Sandrine, binti wa Mzee Zihindula, familia iliyopitia Louisville kabla ya kwenda kukaa Buffalo. Anataka kupeleka jembe.

Kwao posa haisemwi na mwenyewe. Mwanamume hununua jembe jipya, akamkabidhi mtu mwenye jina, na mtu huyo akalipeleka kwa baba wa msichana. Jembe likibaki, mlango umefunguliwa, wazee wa mwanamume na waje. Likirudi, yameisha, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza sababu, maana kuuliza ni kumvua nguo mzee wa watu. Upande wa msichana nao haumfuati mwanamume kwa simu wala kwa salamu. Hungoja, hata ikiwa ni mwaka.

"Nikituma weye, Mwamikazi, hata Mzee Zihindula atasimama," Balagizi alimwambia. Nzigire akakubali. Akalia siku mbili, siku ya tatu akaendesha gari mpaka Buffalo.

Mzee Zihindula alilipokea jembe kwa mikono miwili, akalitundika sebuleni juu ya televisheni ili kila mgeni alione. Sandrine alipiga magoti akamshika Nzigire miguu, analia na kucheka kwa pamoja. Ni yeye aliyevikwa lile koti la baridi, na Nzigire alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiambia: nenda, mwambie, umalize.

Balagizi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake pale Linden, Columbus, akimngoja tangu saa nne. Gari liliposimama aliruka, akaja mbio, na kwa kiherehere alichokuwa nacho akasahau adabu yote aliyofundishwa. Alimtazama Nzigire machoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimtazama machoni, na alichokuwa anakitafuta humo ndani ni Sandrine.

"Bado banafikiri," Nzigire alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulimtoka huku mikono ikitetemeka mpaka funguo za gari zikalia. Alitaka juma moja tu. Juma likazaa mwezi. Mwisho wa Agosti aliingia duka la vifaa vya ujenzi akanunua jembe linalofanana na lile, akaukata mpini kwa msumeno, akaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Alikuwa amejitafutia maneno ya kutosha: Zihindula ni mzee mkali, Sandrine bado ni mtoto, Buffalo theluji inafika kiunoni, kijana wa watu atapata mateso. Huruma ile ile iliyobeba magodoro ndiyo iliyompa maneno hayo. Alimkabidhi Balagizi jembe akamwambia pole. Balagizi akalipokea, asiulize kitu. Na Buffalo nako hawakuuliza kitu.

Sasa ni Novemba, Balagizi amesimama jikoni kwa Nzigire, mtaa wa Highview, anafungua mifuko aliyokuja nayo.

"Iko nini humo?" Nzigire akauliza.

"Lengalenga. Nililima nyuma ya nyumba, nikakata mbele baridi haijaua, nikaweka mu frigo." Akazipanga pakiti za mchicha huo mezani, moja moja, kwa uangalifu. "Jembe lenye limerudi halilale bure, unajua. Linatakiwa lilime mu ile juma, juu aibu isikae ndani. Donc nililima. Nililima kwa hasira mpaka jirani akauliza kama nazika mutu."

"Na sasa umeniletea mimi."

"Nilete kwa nani mwengine? Kila nikipiga jembe chini nilikuwa nawaza, huyu mama alikamata gari, akaenda Buffalo, bakamukatalia mbele ya macho, akarudi na aibu yangu mu gari lake. Aibu haikukuwa yake. Alibeba tu."

Nzigire akageukia sinki. Lengalenga ilikuwa bado na barafu, akaiachia maji ya moto, na vidole vikamuuma kwa baridi na joto vilivyokutana.

"Usiniseme muzuri sana, Balagizi."

"Niko nakusema kidogo. Yote siwezi." Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Siku mama alikufa sikukushukuru. Nilikuwa na aibu ya kulia mbele yako. Muganga ya hospitali aliniambia alikufa anaimba, na weye ulikuwa unaitikia. Nimekaa na ile neno miaka mbili. Asante, Mwamikazi. Asante ya mama yangu pia, juu yeye hakupata nafasi."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mama yule aliimba, naye aliitikia, na hakuna mtu awezaye kumnyang'anya Nzigire siku hiyo. Machozi yakamjaa. Akafunga bomba, akajikausha mikono, akapiga moyo konde. Nitamwambia sasa, aliwaza. Nikimwacha aendelee sitaweza tena.

"Balagizi, iko kitu natakiwa—"

"Niache nimalize, tafazali. Nikinyamaza nitaogopa." Macho yake yalikuwa kwenye viatu vya Nzigire, ndara za bluu za jikoni. "Mutu akitaka kukuposa weye, anatuma nani? Nimetafuta mu vichwa ya batu bote. Hakuna mwenye iko juu yako. Njo nimekuja mwenyewe, na kama nimekosa adabu unifukuze."

Kijiko kilikuwa kwenye chungu, mvuke unapanda, na Nzigire akakishika ili apate cha kushika.

"Unanipenda, ao unanishukuru?" akauliza polepole.

Balagizi hakuharakisha kujibu, na kwa hilo Nzigire akazidi kumpenda.

"Sijue kutenganisha," akasema hatimaye. "Sitakudanganya. Mbele ilikuwa shukrani tu. Alafu mu mwezi ya kumi nikakuota. Ulikuwa umesimama mu shamba ya baba yako, nikajua ni weye kwa kanga na kwa sauti. Lakini haukukuwa na sura. Nikaamuka nimekasirika. Miaka yote nakuita Mwamikazi, na sijue macho yako iko namna gani. Bon. Njo maana nimekuja. Kukuangalia."

Akainua uso.

Alimtazama kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza, hana haraka, hataki kuruka mstari. Alipita kwenye paji la uso, kwenye kovu dogo la tetekuwanga karibu na nyusi, akashuka mdomoni, akarudi machoni, na hapo akatulia. Safari hii hakumtafuta mtu mwingine humo. Nzigire alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Alikuwa ameiba, alikuwa amesema uongo, na kwa nusu dakika hiyo hakukumbuka hata kimoja. Alikuwa anaonekana.

"Na Shangazi Bulonza?" Balagizi akanong'ona.

"Atasema yote. Alafu atachoka."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye hofu. Nzigire akarudi nyuma hatua moja.

"Nenda ununue soda," akasema. "Duka iko pale kona. Ukirudi, bugali itakuwa imeiva, na nitakujibu."

"Soda gani?"

"Yenye utaona."

Mlango ulipofungwa, Nzigire alikaa kwenye kiti ambacho Balagizi hakukikalia. Alikuwa ameamua. Sasa kwa kuwa amemtazama, sasa kwa kuwa kuna kitu cha kweli kati yao, hata kama ni kidogo, hawezi kukiweka juu ya jembe la uongo. Akirudi tu atamwambia. Atamchukia, huenda. Huenda pia, baada ya miaka, akamsamehe, na mtu mwenye bahati huishi kwa neno hilo, huenda. Nzigire akamshukuru Mungu kwa ujasiri huo, kwa sauti, peke yake jikoni.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Buffalo.

"Yaya?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mdogo anayemwita dada yake mkubwa. "Ni miye, Sandrine. Unisamehe, niko navunja desturi. Baba hajue kama nakupigia. Niko mu gari, mu parking ya kazi."

"Sema, mudogo wangu."

"Jembe iko kwa ukuta toka mwezi ya saba. Kila siku ya Mungu mama anasafisha salon ya nyumba, anapika, juu ya bageni benye habakuji. Batu ba kanisa banauliza, baba anasema bako njiani." Sandrine akavuta pumzi. "Marcellin, mwenye anapiga gitaa, alikuja kuniulizia. Baba akamwambia hii nyumba iko na jembe. Yaya, sikupigii juu ya Marcellin. Nataka tu kujua. Balagizi eko na shida? Kama eko na shida nitamungojea, hata miaka mbili, sina haraka. Kama roho yake ilibadilika, niambie pia. Weye hautanificha."

Nzigire akasimama, akasogea dirishani. Kule chini kwenye maegesho, Balagizi alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa anaondoa majani yaliyoangukia kioo cha gari, anaimba peke yake, na majani mengine yanaanguka pale pale alipotoka kusafisha. Kilichotakiwa ni kufungua dirisha. Kumwita kwa jina, kumwambia panda juu, kuna mtu wako kwenye simu. Dirisha lenyewe lilikuwa halina hata kufuli.

Akaweka mkono kwenye kitasa cha dirisha. Balagizi akainua kichwa, akamwona, akamtazama machoni tena, bila aibu sasa, akapunga mkono.

Nzigire akaondoa mkono kitasani, akampungia.

"Mudogo wangu," akasema kwenye simu, "uko umekaa? Kaa muzuri kwanza."

Ni sauti aliyoitumia kwa wazee wake kazini, wakati wa kuwaambia kwamba mtoto waliyemngoja hatakuja leo. Hakuitafuta. Ilikuja yenyewe, laini, haina hata ufa.

"Balagizi amepata mutu mwengine. Sikukuambia juu nilikuwa nakuhurumia."

Upande wa pili magari yalisikika yakipita.

"Banapendana?" Sandrine akauliza.

"Banapendana."

"Huyo mwanamuke... ni mutu muzuri?"

Balagizi alikuwa ameshaingia garini. Taa za nyuma zikawaka nyekundu, gari likatoka polepole.

"Ni mutu muzuri," Nzigire akasema.

Alimsikia Sandrine akilia, kilio cha kujiziba mdomo kwa kiganja, na akamngoja, akamwambia pole, akamwambia lia tu, akamwambia Mungu hamtupi mtu. Kila neno lilikuwa neno la dada. Alimbembeleza kwa kidonda alichomtia mwenyewe, na alimbembeleza vizuri, maana kazi hiyo hakuna aliyemzidi.

"Asante, yaya," Sandrine akasema mwishowe.

"Usinishukuru."

"Hapana, niache nikushukuru. Mutu mwengine angeniacha ningoje mpaka nizeeke. Weye peke yako njo umekuwa na roho ya kuniambia ukweli." Akapenga kamasi. "Nitamwambia baba atoshe jembe kwa ukuta. Tutalirudisha kwa nani?"

"Nitumie miye. Nitamupelekea."

"Mwambie sina kinyongo. Mwambie nabaombea yeye na bibi yake bapate amani."

"Nitamwambia," Nzigire akasema.

Simu ilipokatika aliiweka mezani kifudifudi. Akakoroga lengalenga, akaonja, akaongeza chumvi kidogo. Alingoja mikono ianze kutetemeka, kama ilivyotetemeka Julai pale Linden. Haikutetemeka. Akasonga ugali mpaka ukakaza, akaupakua, akautengeneza mviringo kwa sahani iliyolowa maji, akatandika mezani kitambaa cha maua alichokiweka kwa ajili ya wageni wa heshima.

Balagizi alirudi na chupa nne, pua imekuwa nyekundu kwa baridi.

"Nimekuta ya machungwa tu," akasema. Kisha akasimama mlangoni, hana ujasiri wa kuuliza.

"Ingia, utaingiza baridi," Nzigire akamwambia. "Jibu langu ni ndiyo."

Balagizi akaweka chupa sakafuni, maana meza aliiona mbali. Hakumkumbatia, hakujua bado kama anaruhusiwa. Alimshika mikono tu, yote miwili, akaiweka kwenye paji la uso wake, kama wanavyofanya kwao mbele ya mtu aliyewapa ng'ombe. Machozi yake yalimlowesha Nzigire viganja.

"Asante," akasema. "Sina neno lingine. Asante."

Wakakaa. Balagizi akamwomba aombee chakula, kwa kuwa ni yeye mkubwa, na Nzigire akafumba macho. Alishukuru kwa barabara iliyomwachia Balagizi kupita. Alishukuru kwa mama yule aliyekufa akiimba. Alishukuru kwa mboga na kwa mikono iliyoilima, na kwa Sandrine wa Buffalo akaomba apate faraja na mume mwema. Sauti yake ilijaa, ikakatika kidogo, akaendelea. Katikati ya sala hiyo alijipapasa moyoni akitafuta aibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na asiione. Kilichokuwapo ni shukrani tu, nzima, haina doa, na alishukuru kwa dhati ya moyo wake wote.

"Amina," akasema Balagizi.

"Amina," akasema Nzigire, akamega tonge la kwanza, akampa.